Sahani ya Siagi

Kitabu kina jalada la ngozi, pembe moja imeungua,
nami ndiye mtunzaji wake, chumba cha mizani, Kilcorran,
mvua ikigonga dirisha kama mdai wa kodi.
Kila Agosti mstari mmoja: jina la mtamba, rangi, mama yake,
uzito aliobeba, na mwanamume aliyempanda.

Ukurasa wa kwanza wamekimbia watano.
Bibi Honoria Prendergast, mjane, mwaka wa tisa ndani ya nguo nyeusi,
alichoka kuambiwa farasi jike ni wa kuzaa tu.
Akapima robo tatu ya maili kwa kamba ya kuanikia nguo,
akamlipa kijana awaondoe kondoo njiani,
na kwa kuwa mfua fedha wa Dublin alichelewesha kombe
akanyanyua mezani kwake sahani ya siagi,
akaifuta kwa aproni.
Ndiyo tunayoshindania hadi leo.
Ina mkwaruzo wa kisu ubavuni.

Haraka haina baraka, walisema wahenga,
ambao hawakuwahi kushika hatamu ya mtamba wa miaka miwili.
Na hiyo miwili ni hesabu ya karani:
farasi wote huongezewa mwaka siku moja, Januari mosi.
Kwa hiyo Fáinleog, yaani mbayuwayu,
aliyedondoka tumboni mwishoni mwa Mei,
alipangwa mstari mmoja na wenziwe wa Februari,
miguu mirefu kuliko akili,
akawapita kwa pua.

Elfu moja mia tisa ishirini na mbili: madaraja ya reli yamelipuliwa.
Mitamba saba wakaja kwa kwato zao, maili thelathini, usiku,
masaisi wakiwafunga magunia miguuni
wasisikike na upande wowote.
Mshindi alikimbia amechoka.
Walioshindwa walichoka zaidi, basi.

Arobaini na moja:
“Ugonjwa wa miguu na midomo. Hakuna mbio.”
Wino umevuja pale karani alipoisahau kalamu juu ya karatasi.
Mitamba wa mwaka ule walivuka umri wao
wakiwa wamesimama bandani, wakitafuna mlango.
Mbio hizi hazina mwakani.

Hamsini na saba, mkufunzi: M. Scally.
Huyu ni Malachy, kinyozi,
aliyepiga chafya akipita karibu na nyasi kavu
na kuvuka barabara akimwona punda.
Leseni ilikuwa ya wanaume.
Aliyeamka saa kumi alfajiri ni Bridie, mkewe.
Bridie ndiye aliyejua goti lenye joto kwa mgongo wa kiganja,
ndiye aliyemlaza mtamba yule wa kijivu kwa kumsomea bei za viazi gazetini.
Malachy akaipokea sahani, akainama, akapigwa picha.
Pembeni kabisa mwa picha ipo nusu ya kofia
na mkono mmoja wa mwanamke,
na mkono huo ndio ulioshika lijamu.

Mbio za kike, miaka mingapi,
na juu ya migongo, na chini ya sahihi, madume matupu!
Nimeliandika jina lake pambizoni, kwa penseli.
Msimamizi hajaona.
Au ameona.

Safu ninayoipenda ni ile ya mama yake.
Majina huondoka kwenye mbio, yakarudi humo.
Mwaka jana ameshinda binti wa aliyekuwa wa mwisho,
yule aliyegoma langoni
akala waridi la kofia ya mke wa daktari.

Kesho ni kumi na mmoja, wawili wamepandwa na wasichana,
mmoja wao mjukuu wa Bridie, hapendi kuulizwa.
Sahani nimeisugua kwa majivu na limau;
mkwaruzo sikuugusa.
Ng'ambo ya ua majike wamewabeba watakaokimbia miaka mitatu ijayo.
Wanakula nyasi, wameipa mvua makalio,
hawana haraka yoyote.